Volti za Posho Mili

Mbumbuni, Jumatano

Kumbe transfoma ya amplifaya ni nzima, na mimi nimeshamtukana Kioko aliyeniuzia, tena mbele ya watu!

Mchana kutwa nimepima amplifaya yangu ya gitaa pale posho mili, maana injini yao ndiyo inatoa umeme. Naweka mita kwa valvu, zile taa za ndani yake: volti mia tatu. Napima tena: mia mbili. Nimebadilisha vipuri vyote, wapi!

Halafu nikaona. Kila Mama Mwende msagaji akimwaga mahindi kwa mashini, injini inalemewa na mshale wa mita unashuka.

"Mama, ngoja nipime kwanza."

"Nikingoja, watoto watakula volti?"

Kesho nitamwomba Kioko msamaha. Lakini Jumamosi tunapiga gitaa kwa harusi ya Mwende, umeme ni huo huo, na unga wa wageni bado haujasagwa.