Vifungo Kumi na Tisa

Alhamisi, 13 Juni

Gauni la harusi la mwanangu limekwisha! Kifungo cha kumi na tisa nimekishona leo asubuhi. Vyote nimevivika kitambaa kwa mkono, kimoja kimoja, mgongoni kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Zipu sitaki. Zipu ni ya begi.

Vipimo sikuwa navyo. Nilimwomba mdogo wangu anitumie, akasema ngoja, ngoja, mara wiki mbili zimepita. Basi nikajipima mwenyewe. Kwani si damu yangu? Nilimwacha mwanangu ana miaka kumi na mitatu, mwembamba hata tukimwita Kijiti, na mimi mpaka leo ni kijiti. Miaka tisa nimemwona kwenye simu. Uso tu, na uso ni wangu.

Nimeacha akiba ya kitambaa kwenye mishono yote na pindo refu chini. Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema mtoto hushonewa na akiba, maana hakuombi ruhusa ya kukua.

Wiki tatu tangu nirudi kutoka kiwandani ng'ambo na bado sijamwona. Mdogo wangu ndiye aliyemlea. Alisema nisubiri harusi, mtoto asichanganyikiwe. Jioni amepiga tena: kesho nitalala hotelini, ile iliyoungana na maduka makubwa, kwa sababu nyumba imejaa wageni.

Nimesema asante. Simu ilipokatika ndipo nikajiuliza: wageni wamepata nafasi, mimi je?

Ijumaa, 14 Juni — saa tisa mchana

Chumba 412. Nimeoga gizani kama mwizi wa sabuni. Kumbe kadi ya mlango ndiyo inayowasha taa! Msichana wa mapokezi akaniambia kwa simu, taratibu kabisa, "Mama, ichomeke pale ukutani." Nimecheka peke yangu.

Kila mtu humu ananiita mama. Mlinzi, mhudumu, aliyebeba begi. Karibu mama, pole mama, lifti hii hapa mama.

Saa kumi nitavuka daraja la vioo kwenda madukani. Kijiti ananisubiri upande wa pili. Nimebadilisha kitambaa cha kichwa mara tatu.

Ijumaa hiyohiyo — saa moja jioni

Nimerudi. Naandika kwa sababu kulia nimeshalia.

Mlinzi wa darajani alipekua mkoba wangu akatoa mkasi. Mkasi hauvuki, mama. Akaupa namba kama koti la tajiri, akaniahidi nitaukuta.

Walikuwa wamesimama pale, mdogo wangu na yeye. Nilimtafuta Kijiti kwa macho, nikampita. Nilikuwa naangalia chini mno! Kijiti amekuwa mti. Mrefu, mabega mapana, mabega ya marehemu baba yake. Nilikuwa nimeukumbatia mfuko wa gauni kifuani, na papo hapo mikono ilijua. Kabla ya kumsalimu nilishajua kwamba gauni halitamtosha. Ndiyo laana ya ufundi.

Akanikumbatia. Vizuri, kwa adabu, kama mtu anavyomkumbatia mwalimu wake wa zamani.

Tukaingia duka la mabibi harusi. Kumbe gauni lipo tayari, mdogo wangu alishalichagua tangu mwezi uliopita. Linang'aa. Zipu. Muuza duka akanitazama mimi na mfuko wangu, akauliza, "Na huyu mama ni nani?"

Mwanangu akasema, "Huyu ni mama mkubwa."

Hakusema kwa ubaya. Watoto wa mdogo wangu ndivyo wanavyoniita, na yeye amekulia katikati yao, neno limemkaa mdomoni. Mara akajistukia. Mdogo wangu akaanza kuangalia viatu kwenye rafu, na mimi nikajibu, "Ndiyo, mimi ndiye." Kwa nini nilijibu hivyo? Moyo ulinipasuka, na mdomo unasema ndiyo, mimi ndiye!

Alilijaribu langu nyuma ya pazia. Mgongoni halikukutana, upana wa kiganja kizima. Chini lilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Akasema ni zuri sana, mama— akakohoa, akasema ni zuri sana. Mdogo wangu akacheka ili kutuliza mambo: "Si neno, dada, utalivaa wewe!"

Litanitosha mimi. Kweli.

Nje ya duka nikauliza: kesho nani atasimama kama mama? Mdogo wangu, macho chini, akasema kadi zilishachapwa. Jina lake ndilo lililoandikwa. Hakunitukana, hata aliomba radhi. Akasema tu watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nikasema ni kweli. Ni kweli! Homa zote za mtoto alikuwa yeye. Hedhi ya kwanza alikuwa yeye. Mimi nilikuwa nashona mikono ya kushoto ya mashati. Miaka tisa, ya kushoto tu. Ya kulia alishona mtu mwingine mwisho wa jengo, sikuwahi kumjua.

Mkasi niliukuta. Mlinzi akaniuliza kama nimefurahi na maduka.

Nimefumua mishono yote, ubavu kwa ubavu, na pindo lote. Akiba imeisha. Nimepiga pasi na kushona upya kwa mkono. Sijui kwa nini, gauni lao lipo. Nimelitundika nyuma ya mlango wa bafu, nisilione.

Jumamosi, 15 Juni — saa mbili na nusu asubuhi

Amekuja! Peke yake, amevuka daraja na gauni la dukani begani. Limemlegea kiunoni, na fundi wa duka haingii kazini mpaka saa nne. Gari linamchukua hapa saa tatu na nusu.

"Nisaidie," akasema. Bila jina lolote mbele.

Nikamwambia asimame wima, nimpime kwanza. Pima mara mbili, kata mara moja, jambo ambalo mimi mwenyewe sikulifanya. Nikampitishia tepu. Ana kovu nyuma ya bega, silijui limetoka wapi, sikuuliza. Alishusha pumzi nilipomgusa shingo. Naandika hapa nisisahau:

Kifua 36. Kiuno 28. Mabega 16 na nusu.

Gauni langu, baada ya kufumua akiba yote, kifuani ni 35 na nusu.

Ameingia bafuni kuvaa lao ili nibane pini. Pini nimezishika. Simu yake kaiacha kitandani, inaita. Kwenye kioo imeandikwa Mama. Nimeruka kama nimeitwa mimi! Kumbe ni mdogo wangu.

Imenyamaza. Imeanza tena.

Anakawia. Nimemuuliza kupitia mlangoni kama zipu imekwama. Nasikia kitambaa kikiburutwa sakafuni. Halafu nasikia kama anavuta kamasi.

Saa tatu kasoro. Nusu inchi ni kazi ya kusogeza vifungo sita vya juu. Nikishona haraka, dakika ishirini na tano. Lakini kadi zimeshachapwa, na mdogo wangu yuko njiani, na huyu mtoto hajui hata—

Simu tena.

Ameita. Hakusema mama. Hakusema mama mkubwa. Amesema, "Njoo unifunge vifungo."

Natafuta sindano, nilikuwa nayo sasa hivi