Mkuu Mpya wa Darasa la Wakunga

Kihesa, Iringa
14 Septemba 1957

Mdogo wangu mpendwa Isakwisa,

Ugonile, mwana wa mama? Natumaini barua hii inakukuta mzima huko migodini Rodeshia, na kile kikohozi hakijakurudia. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Baridi ya Iringa imepungua, ila upepo bado unatupiga makofi tukitoka kanisani. Mama naye hajambo, anakusalimu sana.

Nina habari kubwa. Nitakusimulia kwa mpangilio, tafadhali usirukie mwisho.

Unamkumbuka yule Bibi wa misheni niliyekuwa msaidizi wake, mkuu wa mafunzo ya ukunga hapa hospitalini? Mwezi wa pili aliugua, akarudishwa kwao Ulaya. Baraza la hospitali likakutana kuamua kama darasa lifungwe na wasichana wote tisa warudi makwao. Daktari mkuu akasema kwamba nipo mimi, na cheti ninacho. Ndipo Mzee Kalinga, mzee wa kanisa ambaye neno lake halipingwi huku, akauliza mbele yangu binti asiye na mume wala mtoto atawafundishaje watu habari za kuzaa. Nikamjibu kwa heshima, "Baba, Daktari naye hajapata kuzaa, na sote tunamsikiliza." Daktari akacheka mpaka akakohoa. Mzee Kalinga hakucheka. Wakanikabidhi idara kwa muda, na sharti juu yake: mtahini wa serikali akija, wasichana wakashindwa, darasa linafungwa.

Niliwakuta wamekariri kitabu cha Kiingereza kama kasuku. Ukimwuliza mmoja mtoto anageukaje tumboni, anakutajia ukurasa. Nikakiweka kitabu kando. Nikatoboa kitako cha kikapu, nikashona mtoto wa kitambaa nikamjaza sufi, na kila asubuhi tukawa tunakizalisha kikapu kwa Kiswahili: leo mtoto katanguliza kichwa, kesho matako, keshokutwa mkono. Wauguzi wa wodi nyingine walichungulia dirishani wakatucheka. Kulikuwa na Marta, Mbena wa Njombe, aliyezimia siku ya kwanza kuona mtu akizaa. Huyo nilitembea naye wodini kama kivuli changu mpaka hofu yenyewe ikachoka.

Mtahini alifika wiki iliyopita kutoka Dar es Salaam, mama wa Kiingereza, mrefu, asiyetabasamu. Maswali ya kuandika yalikwenda vizuri. Siku ya kazi ya mikono, zamu ikiwa ya Marta, tukagundua kwamba mtoto wa mama aliyekuwa kitandani ametanguliza matako. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, ameanza kumpasua mgonjwa mwingine, hawezi kumwacha. Mtahini akaniambia niingie mimi, mtihani umekwisha. Nikamwambia, "Bibi, huyu amefundishwa. Nami nimesimama hapa hapa."

Isakwisa, sijui ujasiri ule niliutoa wapi. Nilifunga mikono nyuma. Marta hakuvuta. Alimwacha mama asukume mwenyewe mpaka mtoto akashuka hadi kitovuni, akailegeza kamba ya kitovu, akatoa mkono mmoja, kisha wa pili, akamzungushia taulo yenye joto. Halafu akangoja kichwa. Hapo ndipo wengi huingiwa na pupa wakaharibu. Mikono yake ilitulia. Alipoona nywele za kisogo, akashika miguu, akainua polepole, na kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa kimya, amebadilika rangi. Marta akamfuta kinywa, akamsugua mgongo, akamsugua tena. Mtoto alipolia, Mtahini alivua miwani akageukia ukutani.

Wote tisa wamefaulu! Juzi Baraza liliketi, na aliyesimama kupendekeza jina langu ni Mzee Kalinga mwenyewe. Tangu jana mimi ndiye mkuu wa mafunzo ya ukunga, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti hicho katika hospitali hii. Baada ya kikao mzee alinivuta pembeni, akaniuliza kama nafasi ya bintiye Apolonia inaweza kupatikana. Nikamwambia ipo, ila ataanza na kikapu kama wenzake.

Sasa lile nililolificha. Mama aliyekuwa kitandani ni Sekela, mkeo.

Miguu ilimvimba mwezi Julai, na baada ya wale wawili mliowapoteza, Mama hakutaka kubahatisha. Akapanda naye basi kutoka Tukuyu mpaka kwangu. Sekela mwenyewe alituapisha tusikuandikie, usije ukaingiwa na hofu ukiwa chini ya ardhi. Saa ile nilimwinamia nikamwambia kwamba akitaka, nitamzalisha mimi, mtihani uende zake. Akanijibu kwa lugha ya nyumbani kwamba kama nimemfundisha yule msichana, basi nimwache afanye kazi yake.

Una binti, ndugu yangu. Paji la uso ni lako, na sauti yake inaamsha wodi nzima. Sekela anaketi, anakula, anacheka. Jina linakungoja wewe.

Omba ruhusa kwa bwana wako uje. Wasalimie Andendekisye na vijana wote wa kwetu mlio nao huko. Waambie wachinje jogoo, nasi huku tumekwisha kuchinja. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako,
Tusajigwe,
shangazi wa binti yako.