Niolewe, au Niingoje Bajeti?

Bi Lucille, nakusoma gazetini kila Jumapili kabla ya misa na sikuwahi kudhani nitakuwa mmoja wa hawa wanaokusumbua, lakini yamenifika shingoni na kila ninayemweleza tayari ana upande wake, kwa hiyo nakueleza wewe usiyenijua.

Mimi ni mama wa watoto wawili hapa mjini Erie, Odessa wa miaka kumi na minne na mdogo wake Wyatt, nafua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee, na kodi ya nyumba nalipa sehemu ndogo tu, iliyobaki inalipwa na serikali kupitia ofisi ya nyumba, na msaada huo niliusubiri tangu Wyatt akiwa tumboni mpaka akaanza shule, siku nilipoupata nilikaa kwenye ngazi za ofisi nikalia hadi mlinzi wa mlangoni akaniletea maji. Tumekaa vizuri tangu hapo, ghorofa ya juu kwa Bwana Ferrante, mzee wa Kiitaliano anayeishi chini yetu na kulalamikia viatu vya watoto huku akiwapandishia bakuli la tambi kila akipika. Sasa mwaka huu wabunge huko Washington wamekwama na bajeti, mara wanasogeza mbele wiki mbili, mara wanagombana upya, nikaenda ofisini kuuliza na dada wa dirishani akaniambia, "Mama, mwezi huu fungu lako lipo. Mwezi ujao sijui. Hata mshahara wangu mwenyewe sijui."

Kurudi nyumbani nikamkuta Bwana Ferrante ananingoja kwenye ngazi.

"Corinne mwanangu, wewe hujanikosea kitu," akasema. "Tatizo langu ni serikali, na serikali haina mlango nikaugonge. Mkataba wako unaisha Juni. Wakiendelea hivi sitauandika upya. Nimeshazeeka, siwezi kuishi kwa tetesi."

Hapo ndipo anapoingia Dale, ambaye tuko pamoja mwaka wa pili sasa, majira ya baridi anaendesha gari la kukwangua theluji barabarani na kiangazi anaezeka mapaa, si mlevi, hajawahi kuniinulia mkono, ana kanyumba kake nje ya mji kwenye mashamba ya zabibu, na nilipomsimulia haya tukiwa tumeegesha gari nje ya duka akanishika mkono akasema, "Achana nao hao. Warudishie msaada wao, tuoane, hamia kwangu. Serikali itakutupa, mimi sitakutupa," nami nikasema ndiyo kabla hajamaliza, na mama yake ameshaagiza keki.

Jumapili iliyopita tulikwenda kwake kula, Wyatt akamwaga maji ya zabibu kwenye zulia, Dale akacheka akasema, "Hapa kwangu anayevunja sheria analala nje, umesikia, bwana mdogo?" Tukacheka sote, isipokuwa Odessa, ambaye tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Mama, unaolewa na Dale au unaolewa na paa la Dale?" Nikamwambia funga mdomo wako. Lakini swali limekataa kunitoka, na Ijumaa ndiyo siku ya kwenda ofisini kutia sahihi kuurudisha msaada, Dale ameshaomba ruhusa kazini ili anipeleke mwenyewe, na dada yangu Joanne ananiambia, "Mwanamume mwenye nyumba haokotwi njiani, wewe unachagua nini?" Naomba uniambie, Bi Lucille, nifanyeje?

Corinne, Erie

*

Corinne, Ijumaa usiende popote.

Pole kwanza. Kulala hujui kama mwezi ujao mtakuwa na pa kulala ni adhabu, na waliokupa adhabu hiyo wanalala vizuri kabisa. Lakini sasa nikugombeze kidogo. Bajeti kukwama si msaada kufutwa. Dada wa dirishani alikuambia hajui; wewe ukasikia hakuna. Kwa sababu ya neno "sijui" unataka kwenda kutia sahihi jambo usiloweza kulitengua. Msaada ulioungoja miaka, ukiurudisha leo, kesho unaanza foleni upya nyuma ya watu wote. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Dale simjui, na sitamsema vibaya. Huenda ule ulikuwa mzaha tu. Ila neno "kwangu" alilisema, na mwanao alilisikia vizuri kuliko wewe. Ukihamia pale bila msaada, bila mkataba wenye jina lako, siku mkikosana utatoka na watoto na mabegi, na hutakuwa na ofisi ya kwenda kuuliza. Huko ni kuruka majivu na kukanyaga moto.

Fanya hivi. Sehemu yako ya kodi lipa kwa wakati, usikose, na risiti utunze. Mkataba ukiwa bado unaendelea, ofisi ikichelewesha fungu lake kosa si lako, na Bwana Ferrante hawezi kukutoa kwa hilo; nenda kwa mawakili wa msaada wa bure wakueleze, tena umchukue na mzee mwenyewe asikie, maana naye ana hofu yake. Piga simu ofisi ya mbunge wako, sema jina lako na la mtaa wako. Wakikuchoka, piga tena.

Na Dale mwambie hivi: "Nitakujibu bajeti ikishapita." Anayekupenda hatapungukiwa kitu kwa kusubiri. Wewe nawe utajua ulichokuwa unakitaka.

Lucille

*

(Corinne ametuandikia tena mwezi Mei.)

Bi Lucille, Ijumaa ile sikwenda. Dale alikasirika, akasema, "Kumbe unaiamini serikali kuliko mimi," kisha akatulia, na lazima niseme ukweli, amesubiri na bado anakuja kula kwetu Jumapili. Bwana Ferrante alikuja nami kwa mawakili, akabishana nao saa nzima, akatoka ameridhika. Bajeti imepita, ingawa ni mpaka mwisho wa Septemba tu. Fungu lilichelewa lakini likafika, na mzee ameandika mkataba wa mwaka mwingine. Siku aliponiletea nilikwenda kazini nikafua mashuka mpaka jioni, na njiani ndipo nilipogundua kwamba kutwa nzima sikumfikiria Dale hata mara moja. Wiki imepita, bado iko hivyo hivyo. Nilidhani hofu ikiondoka mapenzi yatabaki. Sijamwambia mtu isipokuwa wewe.

*

Corinne, Septemba wabunge watakwama tena, na hofu itakurudisha kwake kama ilivyokupeleka. Mwambie ukweli huo Jumapili hii, kabla hujamwekea sahani.