Mashine Iliyobebwa Mgongoni

Alhamisi, 8 Februari 2024

Mashine ya Emily ya kusaga imeungua. Mchana kweupe, wanawake wako foleni na mahindi yao! Waya ulitema cheche, makuti yakadaka, basi. Mimi nilikuwa kwa Thoya nacheza bao. Nilikimbia — na mimi nikikimbia pikipiki hunipisha. Nilipofika, wanawake walikuwa washakimbilia barabarani. Moshi mtupu. Nikaufikia mlango, joto likanisukuma kama mkono wa mtu. Nikavuta mizani tu, ilikuwa karibu. Nyusi zimeungua zote mbili. Mwanamume mwingine asingefika hata pale.

Mashine imebaki ndani, imefungwa kwa nati kwenye saruji. Paa likaiangukia, haionekani tena.

Emily ni dada yangu, mashine hii ndiyo mume wake tangu mumewe afariki. Hakulia. Aliuliza tu: Kaka, bima si tunayo? Tunayo! Mimi ndiye niliyemwambia akate. Watu wa bima nawajua mpaka wake zao.

Ijumaa, 9 Februari

Nimempigia wakala wa bima, Kilifi. Kasema msiguse kitu. Majivu, mashine, boriti, vikae vivyo hivyo mpaka mkadiriaji wa hasara aje aone kwa macho yake. Lini? Wiki ijayo. Na ripoti ya polisi. Nimekwenda kituoni leo hii. Askari wa zamu alinipigia saluti, alidhani niliwahi kuwa jeshini. Sikumkatalia.

Jioni nilipitia mangweni, kilabuni kwa tembo la mnazi, roho ipoe. Wakanipisha kiti, wakanipa mnazi na mrija mpya. Wakataka habari za moto. Nikawapa. Lakini mtu ataingia motoni atoke na mizani? Hadithi gani hiyo! Nikasema niling'oa nati kwa mikono, nikaibeba mashine mgongoni, nikatoka nayo, sasa iko kwa fundi. Watu walisimama wote. Thoya alilia, mzee mzima. Akasema mtu kama huyu hawezi kuachwa peke yake na majivu: kesho ni mweria, kila nyumba mtu mmoja, tumjengee dada yake paa.

Nilitaka kusema la wakala. Lakini mweria haukataliwi. Ukiukataa leo, siku ya msiba wako utachimba kaburi mwenyewe.

Jumamosi, 10 Februari

Alfajiri Emily kanijia. Kaka, si wamesema tusiguse? Nikamwambia niachie mimi, bima naijua. Akasema sawa, na hao watu watakula nini? Maana mwenye mweria ndiye mpishi. Nyumbani unga wenyewe hakuna — mashine ndiyo hiyo.

Akapita mtu wa skrapu na mkokoteni wake. Emily akanitazama, nikamtazama. Tuliifukua mashine wenyewe, tukamuuzia kabla watu hawajaja. Mota ilikuwa donge jeusi. Nimebakisha nati moja, ya ushahidi. Mimi si mjinga.

Tulipata unga, papa mkavu, na mnazi wa kutosha. Watu walifagia majivu, wakaimba, wakaezeka makuti mapya. Thoya aliingia ndani, akatazama pale kwenye saruji pakiwa patupu, akatoka akipiga kelele: Si nyinyi mlitia shaka? Tazameni! Hamna mashine! Nzai aliibeba kweli!

Nikaendelea kutafuna. Mdomo ulikuwa na papa.

Banda limependeza kuliko zamani. Mashine tumeila.

Ijumaa, 16 Februari

Mkadiriaji kaja. Njenga, kijana wa bara, adabu nyingi, shikamoo kila dakika. Alisimama mbele ya banda muda mrefu. Akagusa makuti mapya. Mzee, hasara iko wapi?

Nikamweleza mweria. Akasema anaelewa, lakini bima hulipa kitu kilichoharibika, na kilichoharibika sharti kionekane. Mashine iko wapi? Skrapu. Skrapu gani? Mwenye mkokoteni. Anaitwa nani? Nani anamuuliza mtu wa skrapu jina!

Nikamtolea nati. Akaigeuza, akanirudishia kwa mikono miwili, kama unavyomrudishia mtoto kitu.

Emily alikuwa amesimama na chai yake. Ikapoa mkononi.

Njenga kasema labda mashahidi. Atarudi Alhamisi, asikie walioona moto.

Jumapili, 18 Februari

Emily kasema bima ikikataa anakwenda Gongoni, kazi ya chumvi. Watoto wake watabaki kwangu. Miguu yake ile, yenye nyufa, kwenye chumvi!

Akauliza: Kaka, mashahidi watasema nini?

Watasema ukweli.

Upi?

Nikaenda kufunga mbuzi. Walikuwa wamefungwa tayari.

Alhamisi, 22 Februari

Naandika nyuma ya choo. Nimeomba ruhusa.

Wamekuja wote, wamevaa za kanisani. Niliwapitia jana nyumba kwa nyumba: semeni mashine iliungua, basi. Wakacheka. Nzai na unyenyekevu lini?

Thoya ndiye wa kwanza. Andika, mwanangu, alimwambia Njenga. Moto ulipita minazi kwa urefu. Nzai akaingia, akatoka na mashine mgongoni, nzima, hata mkanda haukuguswa!

Nzima? Njenga akauliza.

Nzima! Tulipofagia ndani hamkuwa na kitu. Au naongopa, jamani?

Kweli! wakaitikia wote. Wakapiga makofi. Mama mmoja kapiga vigelegele.

Kalamu ya Njenga ikasimama. Akasema polepole, bila shikamoo: mtu akificha mali ya bima kisha akadai fidia, hiyo si ya kwangu tena, ni ya polisi. Mzee Nzai, uliibeba au hukuibeba?

Thoya hakuelewa. Alidhani natukanwa. Unamdharau mtu wetu? Nzai, simama! Mwonyeshe mgongo!

Nikisema niliibeba, mimi na Emily ni wezi. Nikisema sikuibeba — kijiji kizima kimeapa kwa ajili yangu, nani atamsadiki nani? Njenga atasema tumepangana. Na Thoya aliyenililia, nitamtazama vipi?

Emily anaujua ukweli, masizi ya mota yalikuwa kwenye leso yake. Ananingoja mimi.

Nati iko mkononi. Imelowa jasho.

Thoya anawaambia huko: mwacheni, mwanamume anajiandaa! Wanacheka. Gari la Njenga limewashwa — hapana, bado. Ni pikipiki.

Emily ananiita. Tangu azaliwe hajaniita ila kaka.

Anasema: Nzai. Nzai, njoo.