Mizinga Yangu na Njia ya Kisima

Bumula,
Kupitia Bungoma Stesheni,
14 Agosti 1937.

Mpendwa ndugu yangu Khaemba,

Salamu nyingi kwako huko Kitale. Kifua chako kinaendeleaje? Na Dinah, na watoto, na mahindi ya huyo mzungu wako? Sisi tuko wazima. Mimi mwenyewe bado napasua kuni, vijana wananitazama tu. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu, si kama Wekoye, liguru wetu anayejiita mkuu wa mtaa, ambaye huandikiwa.

Mvua imenyesha vizuri. Ng'ombe yako nyeupe imezaa dume.

Sasa nikuambie matata. Unajua mizinga yangu ya nyuki juu ya ule mti mkubwa karibu na boma langu. Mwaka jana watu walihamisha njia ya kisima, ikapita chini yake. Nyuki wakauma wanawake, mitungi ikavunjika, nikaitwa barazani. Wekoye akasimama mbele ya watu akasema, "Mzee Wanjala, nyuki yako ni udhia kwa mtaa mzima. Ondoa, ama tutachoma."

Mimi sikunyamaza. Nikamwambia, "Mbwa zako zinabweka mpaka asubuhi, nani amezishitaki? Si nyuki iliyokwenda kwa njia, bana, njia ndiyo ilikuja kwa nyuki. Tena nyuki yangu ina adabu. Inauma mtu wa fujo tu." Watu walicheka sana, nikaona nimeshinda.

Halafu akaja mama yake Nasimiyu, yaani mama wa huyu bibi niliyemwoa baada ya mama wa watoto kufa. Alikuja kumtazama binti yake, akaenda kumtekea maji. Nyuki wakamshukia njiani. Akatupa mtungi, akakimbilia mlango wa karibu, na mlango huo ni wangu, na mimi nilikuwa ndani naoga kwenye karai.

Khaemba, mama mkwe wangu! Si unajua kwetu mkwe na mama mkwe hata wakikutana njiani, kila mtu anaingia majani upande wake. Yeye akajificha chini ya blanketi yangu. Mimi nikageukia ukuta na povu mwilini. Kutoka, nyuki. Kukaa, aibu.

Nasimiyu akapiga kelele kutoka jikoni, "Mzee, toka huko ndani!"

"Nyuki!" nikamjibu.

"Ati nyuki? Si ulisema ina adabu? Ama mama yangu ndiye mtu wa fujo?"

Mimi nikaendelea kujisugua povu, macho ukutani.

Nyuki walipotulia Nasimiyu akaondoka na mama yake. Akasema hatarudi mpaka mizinga itoke. Nikakaa. Uji nilijipikia, ukaungua. Hata habari ya mvua sikuwa na mtu wa kumwambia.

Basi nilipeleka kwao mbuzi wa kuondoa aibu, yule wa madoa, na mbuzi kama huyo Bumula hii hakuna. Mizinga nikaihamisha ng'ambo ya mto, peke yangu, na moshi wangu. Wekoye anatembea akisema ni yeye aliyeniondoa na mizinga yangu. Ukisikia hivyo huko, usiamini. Liguru hakunihamisha. Kuhamishwa na mama mkwe si kushindwa.

Nasimiyu amerudi. Mama yake ametuma neno kwamba anataka asali, nami nimempelekea chombo kizima.

Lakini sasa wanawake hawaogopi tena njia ile. Tangu alfajiri wanapita hapa dirishani wakiongea na kucheka, mtu hawezi kulala. Huo ndio udhia wa kweli, na baraza ijayo nitasimama niseme. Anayecheka kwa sauti kubwa kuliko wote ni Nasimiyu. Huyo sitamtaja.

Nisalimie Dinah, na Bramwel mtoto wako, na jirani yako Thuo, umwambie asali yake ipo. Mungu akupe pumzi nzuri kifuani na akurudishe nyumbani ukiwa unatembea kwa miguu yako.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Wanjala