Baiskeli Mbili kwa Gari Moja

Jumapili, baada ya magharibi

Nilipouza baiskeli zetu mbili ili nitimize bei ya gari, Zainabu, mke wangu, aliniuliza, "Je, likikwama, baba watoto?" Nikamjibu kwamba gari hubeba sita, baiskeli wawili, hesabu imekwisha.

Leo saa nane na robo mchana imekuja habari kutoka Tongoni: mama amefariki, anazikwa alasiri. Petroli ilikuwamo, lita nne. Lakini kwa amri ya serikali ya kubana mafuta, Jumapili ikipita saa nane, gari la mtu binafsi halitembei bila kibali. Askari wa kizuizini hakunisikiliza.

"Rudi, ndugu. Kila mtu leo ana msiba."

Nikarudi kuzunguka mtaa mzima nikitafuta baiskeli ya kuazima. Kisha maili kumi na moja, kusi inanipiga usoni.

Nimemkuta kaka ananawa udongo mikononi. "Tumekungoja, mdogo wangu, tukachoka. Tulijua mwenye gari atatangulia."

Kaburi lilishamwagiwa maji. Zile konzi tatu za udongo, hata majirani wamemtupia mama. Mimi mwanawe sikumtupia.

Nilichelewa dakika ishirini. Kutafuta baiskeli kulinichukua arobaini.