Magauni Kumi na Saba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Pokea salamu kutoka huku kwetu. U hali gani, na shemeji je, lile goti lake limepoa? Na wanangu hao ninaowajua kwa picha, wanasoma vizuri? Sisi hatujambo kwa kiasi chake. Mgongo ndio unanisumbua. Nilidhani ungepumzika baada ya kuacha kumwinua mama, kumbe ulikuwa unasubiri nafasi ya kulalamika.

Barua yako niliipata wiki sita zilizopita. Sitakudanganya kwamba nilibanwa na kazi. Nilichelewa kwa hasira. Umeniomba mambo mawili: nikuandikie maisha ya mama kwa ukurasa mmoja, uyasome mbele ya watu wa huko siku ya kumkumbuka, na nikuambie kama alikuachia neno lolote. Naanza na hilo la kwanza kwa sababu ni jepesi.

Mstari wa mwanzo umeuandika mwenyewe, kwamba mama alikuwa mpole, mwenye tabasamu kwa kila mtu. Ufute. Mama alikuwa fundi wa sare za shule kwa miaka arobaini, na sijaona mpole anayeweza kumaliza sare mia mbili kabla shule hazijafunguliwa. Mwalimu mkuu mmoja alipokuja kumharakisha, alimpa kiti, akampa sindano na uzi, akamwambia awe anamtungia wakati anasubiri. Yule bwana alitunga sindano mpaka saa saba mchana. Hakurudi tena kumharakisha mtu.

Andika kwamba aliacha upindo wa vidole vinne katika kila sare, hata mzazi aliponung'unika kwamba kitambaa chake kinapotea bure. Alisema mtoto hashonewi mwili wa leo. Andika kwamba alikuwa na ulimi mkali kuliko mkasi wake, na kwamba chai isiyounguza aliirudisha jikoni. Binti yangu alimwita Mke Mwenza, naye akamwita hivyo hivyo, wakawa wanagombana kila siku nani ampate marehemu babu. Hizo ndizo nyakati nilizomsikia akicheka. Akiwa bibi hakuwa na mpinzani. Akiwa mama, wewe na mimi tunajua.

Usiandike kwamba alikupa baraka ulipoondoka. Mimi nilikuwepo. Ulisimama mlangoni na sanduku, ukamwomba radhi, naye akaendelea kukanyaga cherehani. Hakutaka uolewe na mume ambaye yeye hakuujua ukoo wake wala nchi asiyoijua njia yake. Ukarudia kuomba. Akakuambia bila kuinua kichwa, "Nenda. Radhi yangu haisafiri na mtu asiyesikia." Ukaenda, na leo ni miaka ishirini na moja. Kila ulipopiga simu alinituma niseme yuko kazini, hata alipokuwa amekaa mikono mitupu.

Sasa nikuambie usilolijua. Kila mwaka, msimu wa sare ukiisha, alikushonea gauni. Si kwa mabaki, bali kwa kitambaa alichokwenda kukichagua mwenyewe. Alinisimamisha katikati ya chumba hiki, pini mdomoni, akanipima bega, kifua na kiuno, kwa kuwa eti mwenzangu ana mwili kama wangu. Nikiambiwa geuka, nageuka, kama ile midoli ya madirishani kwa wauza nguo. Gauni likiisha alilipiga pasi, akalikunja, akalilaza kwenye sanduku la bati. Nilipomwambia alitume, alisema aje mwenyewe alichukue. Yamo kumi na saba. Mimi katika miaka hiyo yote hakunishonea hata moja. Alisema mimi nipo tu, nitavaa chochote.

Kisha akili yake ikaanza kufumuka. Alisahau majina ya shule, akasahau kama amekula, mwisho akasahau njia ya chooni. Kwa miaka minne nilimwogesha, nikamlisha, nikabadilisha mashuka. Niliacha kazi yangu ya ukarani. Wewe ulituma salamu na vidonge vya kuongeza nguvu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini sikulaumu kwa hilo, maana hata sisi wa karibu nyoka yule alitushinda.

Kosa lililofuata ni langu. Siku moja alikataa chakula tangu asubuhi, analia, anataka sanduku lake. Nikalifungua. Akatoa gauni la juu, la samawati, lenye vifungo mbele, akanipa. Nikalivaa ili anyamaze. Lilinikaa sawasawa. Akanitazama, akasema, "Kibiriti. Umerudi."

Nilipaswa kusema hapana. Lakini alivuta sahani akala, akamaliza yote, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miezi kadhaa. Binti yangu, Mke Mwenza, alikuwa mlangoni, akaniashiria ninyamaze, nikanyamaza. Tangu siku hiyo nikawa wewe. Bila lile gauni hakukubali kuguswa, kwa hiyo nililifua jioni na kulivaa asubuhi, miezi minane. Husemwa kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Humu ndani ilikuwa kinyume. Wewe ulikuwepo, na aliyekosekana ni mimi niliyeshika beseni.

Tena alinisengenya kwako. Namkausha miguu, huku ananiambia kwamba dada yangu, yaani mimi huyu, amemtupa, hata kumjulia hali haji. Jina langu hakulitaja. Aliniita "yule mwingine". Nilimjibu kwamba atakuja, ana shughuli nyingi. Nilijitetea kwa kinywa chako, Kibiriti, na sikufua dafu.

Wiki moja kabla hajafariki, mchana, nilikuwa namkata kucha. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mwanangu," akasema, "nilikunyima radhi kwa kiburi changu. Mshono mbaya unafumuliwa, lakini lile neno lilinishinda kulifumua. Leo nakupa. Radhi yangu unayo, wewe na watoto wako."

Nikaitikia kwa niaba yako. Hilo ndilo neno uliloniuliza, na nakupa zima, sijalipunguza. Nimelikalia miezi mitano tangu tumzike. Nilikuwa najiambia kwamba mwenye radhi ni yule aliyeshikwa mkono. Si kweli, mama alijua anampa nani.

Na hapo tamaa ikaniingia. Nikamwuliza, "Na yule mwingine, mama? Yeye hutampa?"

Alifikiri. Nilimwona anafikiri kweli, kama zamani alipokuwa anapima kitambaa mara mbili kabla ya kukikata. Kisha akasema, "Yule aje mwenyewe."

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wangu.

Kila mtu ananiambia ulikuwa ni ugonjwa. Muuguzi alisema hivyo, na shangazi akaongeza kwamba radhi ya mtoto kama mimi haihitaji kutamkwa, ipo tu. Huenda ni kweli. Lakini wewe umepata maneno, mimi nimepata "ipo tu", na nimechoka kuambiwa kwamba ni kitu kimoja.

Shangazi amesema pia nikutumie magauni. Juzi tuliyatoa sandukuni ili tuyafunge. Mke Mwenza akayapanga kitandani, mwaka kwa mwaka, akaniita. La kwanza lina kiuno cha msichana. La mwaka niliomzaa kitinda mimba wangu limepanuliwa ubavuni. La mwaka nilioumwa limebanwa. Na yote kumi na saba, bega la kushoto limeshushwa kidogo, kwa sababu langu lilivunjika utotoni na halikurudi sawa. Lako halijawahi kuvunjika. Mwanangu akasema bibi alikuwa ananishonea mimi. Nikamjibu kwamba fundi hushona alichokipima, asitafute zaidi ya hapo. Nikaenda jikoni nikalia.

Kwa hiyo radhi nakutumia, kwa kuwa ni yako. Magauni sikutumii. Haya niliyokuandikia yasome mbele ya watu ukipenda, au uyaache.

Msalimie shemeji, uwabusu wanangu. Shangazi anakusalimu, na fundi viatu wa jirani bado anaulizia habari zako. Mke Mwenza anasema umtumie picha. Mungu akutangulie katika kila njia yako na akuzeeshe mikononi mwa watu wanaokujua jina. Nimekuombea hilo nikiwa nimevaa la samawati.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu,

Yule Mwingine